Bustani Zetu Zina Saa Zake: Kutembelea Maua ya Unguja na Pemba

(Mhadhara kwa vijana wanaosomea kazi ya kutembeza wageni, Unguja)

Assalamu alaykum. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyinyi wanangu mlio nyuma, sogeeni, viti vipo. Huku mbele nina vitu vya kuonyesha na kunusisha, na mkikaa mlangoni havitawafikia.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutembelea bustani na mashamba ya maua ya visiwa vyetu. Wengi wenu mnaijua safari hiyo kwa jina la safari ya viungo. Gari linatoka mjini saa nne, linaingia shamba jua limeshapanda, mgeni ananusishwa majani na magamba ya miti, anavikwa kofia ya makuti, ananunua pakiti ya manjano na ya mdalasini, anakula, anarudi hoteli. Safari hiyo inalisha nyumba nyingi na siidharau hata kidogo. Lakini maua yenyewe mgeni huyo hakuyaona. Aliyapita yakiwa yamelala, au yakiwa yameshamaliza kazi yao alfajiri.

Maua ya Zanzibar hayakupandwa kwa ajili ya jicho. Yalipandwa kwa ajili ya pua: ya kutia kwenye nywele, ndani ya kasha la nguo, kitandani kwa maharusi, kwenye maji ya kunawa, kwenye chungu. Na harufu haikai siku nzima ikimngoja mtu. Kila ua lina saa yake ya kutoa. Kwa hiyo anayetaka kuzitembelea bustani zetu sawasawa aulize saa kabla hajauliza njia, na mtembezaji asiyejua saa hizo huyo anajua njia tu.

Nitaanzia mjini, kwa ufupi, maana mjini mnakujua.

Forodhani ndiyo bustani ya umma inayojulikana kuliko zote. Ilitengenezwa miaka ya 1930 na kwa muda mrefu iliitwa Jubilee Gardens. Ilichakaa sana, kisha ikakarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Ukweli ni kwamba watu hawaendi Forodhani kwa maua. Wanakwenda kupunga upepo, kula mishikaki na urojo, kunywa maji ya miwa, na kuwaangalia vijana wakipiga mbizi ukutani. Ni baraza la mji mzima, na hiyo ni kazi kubwa ya bustani. Mpelekeni mgeni magharibi, mkae kwenye majani, msimharakishe.

Bustani ya Victoria, kule Vuga, ni habari nyingine. Ilikuwa mali ya ufalme, na mwishoni mwa karne ya 19 Sultan Hamoud bin Mohammed akaitoa iwe ya watu wa mji. Jumba lililomo ndani yake lilijengwa juu ya hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ya wanawake wa nyumba ya Sultan Seyyid Barghash, na kuanzia mwaka 1926 hadi Mapinduzi ndimo Baraza la Kutunga Sheria lilimokuwa likikutana. Watu wanapita pembeni kila siku wakielekea hospitali ya Mnazi Mmoja na hawageuzi shingo. Mimi naipenda asubuhi mapema, kabla joto halijapanda, wakati vivuli vya ile miti mikongwe bado ni virefu. Nyinyi mnaosomea kazi hii ipiteni pole pole mti kwa mti, mjifunze majina. Ni aibu mtembezaji kuulizwa mti ulio mjini kwake akasema "huu ni mti wa kivuli".

Na mkitoka hapo nendeni Mbweni. John Kirk, aliyekuja Zanzibar mwaka 1866 na baadaye akawa balozi mkuu wa Uingereza hapa, alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Alikwisha safiri na Livingstone katika Zambezi, na akiwa hapa alikuwa akipeleka mimea na mbegu kwenye bustani ya Kew, London. Mbweni alikuwa na nyumba na bustani ya kujaribia mimea kutoka kila upande wa dunia. Jirani yake wamishionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walinunua shamba miaka ya 1870, wakaweka watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakajenga na skuli ya wasichana, St. Mary's. Magofu ya skuli ile yamezungukwa na bustani ya mitende na maua mpaka leo. Ukisimama pale huwezi kuyasema maua peke yake ukaacha habari ya watu. Ndivyo ilivyo kila mahali nitakapowataja leo, na mashamba ya karafuu kuliko pote.

Sasa twendeni shamba.

Njia ni ya Bububu, kisha mnaingia ndani kuelekea Kidichi na Kizimbani. Simameni Kidichi kwanza, kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said, Sultan wa Zanzibar, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad. Kuta zake za ndani zina nakshi za chokaa, maua na ndege wa mtindo wa Kiajemi. Mgeni aone kwamba katika visiwa hivi ua lilitiwa mpaka ukutani, ndani ya nyumba ya kuogea, mahali pa mvuke na marashi.

Baada ya hapo mnaingia mashambani, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kwanza mfahamu shamba lenyewe ni la nani. Kizimbani inatajwa kuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa palipopandwa mikarafuu Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, na Saleh bin Haramil al-Abri. Mashamba hayo baadaye yalichukuliwa na Seyyid Said, naye akawahimiza wenye ardhi wote wapande mikarafuu. Mti wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, kule Indonesia. Waliofyeka, waliopanda, waliopalilia na kuchuma walikuwa watumwa, watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1897. Mtembezaji asiliruke hilo kwa kuona haya mbele ya mgeni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Ndiyo maana shamba mnaloingia leo mara nyingi ni eka tatu za familia moja: mikarafuu michache, minazi, migomba, mihogo chini, mdalasini mmoja mpakani, mvanila umepanda juu ya mti mwingine. Mnaingia kwenye uwanja wa mtu. Pigeni hodi.

Fikeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikichelewa sana saa moja. Mtaniambia wageni hawaamki. Wataamka, wakiambiwa sababu. Anayeamka saa tisa usiku kwenda kuwatafuta pomboo Kizimkazi hashindwi kuamka alfajiri kwa ajili ya mlangilangi.

Mlangilangi ni mti mrefu, matawi yake yanainama. Ua lake changa ni la kijani, halina harufu ya maana, na mtu asiyejua huchuma hilo. Subirini mpaka petali zile ndefu, zinazoning'inia zimejipinda pinda, ziwe za manjano, na katikati pawe na wekundu kidogo. Hilo ndilo. Na harufu yake imejaa alfajiri, umande bado upo. Jua likishapanda mafuta yanapotea hewani. Kule Comoro, ambako mafuta ya langilangi ni zao kubwa la kuuza nje, miti hukatwa vichwa ibaki mifupi ili akina mama wachume wakiwa wamesimama chini, na kazi hiyo huanza kukipambazuka. Kwetu mingi imeachwa ikaenda juu, kwa hiyo mtatumia upembo kuvuta tawi, au mtaokota yaliyoanguka usiku. Lililoanguka usiku, lililokwisha iva, kwa pua yangu ndilo bora zaidi. Mpe mgeni moja tu mkononi, nyamaza, mwache anuse mwenyewe. Msimwambie linafanana na manukato gani ya dukani.

Mkitoka kwenye mlangilangi nendeni haraka kwenye vanila, kama ni msimu wake, maana ua la vanila hufunguka alfajiri na mchana huohuo limenyauka. Lina siku moja tu. Vanila asili yake Meksiko, na kule kuna nyuki wake wanaolichavusha. Hapa hawapo, kwa hiyo kila tunda la vanila mnaloliona Zanzibar limetokana na mkono wa mtu. Njia inayotumika duniani kote iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto wa miaka 12, mtumwa, aliyeitwa Edmond Albius. Angalieni vidole vyangu. Ua unalishika kwa mkono wa kushoto, unalichana kidogo upande mmoja. Ndani mna kiwambo chembamba kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike. Kwa kijiti, au mwiba, unakiinua kiwambo kile, kisha kwa dole gumba unabonyeza, zile sehemu mbili zikutane. Basi. Mwenye mkono mwepesi hulifanya hilo huku akizungumza na wewe. Kisha anangoja miezi minane au tisa tunda likomae, na baada ya hapo ndipo kazi ya kulianika na kulifunika funika inapoanza. Mgeni akiona hivyo hatauliza tena kwa nini vanila ni ghali.

Sasa karafuu. Nimekuja nazo. Hizi zimelowekwa kwenye maji ya moto tangu jana usiku, pokeeni, kila mmoja achukue moja, apitishe bakuli. Msizitie mdomoni bado.

Angalieni kichwa chake. Kuna vijimeno vinne vimekaa nje, na katikati kitu cha mviringo kama kifuniko. Kwa ukucha, taratibu, kibandueni hicho cha mviringo. Mnaona kinatoka vipande vyembamba vilivyokunjana? Hizo ni petali. Na ndani yake, zile nyuzi nyuzi zilizojipinda zikashonana, ndizo zilizokuwa zibebe chavua. Karafuu mnayotia kwenye pilau maisha yenu yote ni ua ambalo halikuachwa lichanue. Kwa hiyo mtu asiniambie Zanzibar hatuna mashamba makubwa ya maua. Pemba nzima ni shamba la maua.

Na hapa pia saa ni kila kitu, ila hii huhesabiwa kwa siku, si kwa mchana au usiku. Vishada vya karafuu huanza vikiwa vya kijani, kisha vinaanza kuona wekundu wa waridi. Ukichuma mapema mno karafuu inasinyaa. Ukichelewa, kile kifuniko kinaanguka, nyuzi zinafumuka nyeupe, na ua linapendeza sana, lakini kwa mkulima ni hasara, kwa sababu bei iko kwenye tumba lililofumba. Ukiliacha zaidi linakuwa tunda, na hilo ndilo la mbegu. Kwa hiyo ukiona mkarafuu umechanua maua yote, unaangalia mti ambao mwenyewe hakuwahi kupata wachumaji, au hakuwa na fedha ya kuwalipa.

Uchumaji ni kazi ya hatari, maana miti ni mirefu na matawi yake hukatika. Vishada vikishuka vinachambuliwa kwa mkono, karafuu huku na makonyo, vile vijiti vya kishada, huku, kazi ya nyumba nzima, watoto kwa wazee, usiku mbele ya taa. Asubuhi karafuu zinatandazwa juani kwenye majamvi, siku nne au tano, na mvua ikitisha mji mzima unakimbia kuanua. Mwenye kuziangalia hugeuza geuza mpaka ziwe za kahawia iliyoiva na zinapovunjwa zilie. Harufu ya siku hizo inawafikia mkiwa bado ndani ya gari.

Basi mkimaliza asubuhi hiyo, mkapita kwenye kungumanga mkaonyesha basibasi yake nyekundu, mkala mkapumzika, msimrudishe mgeni hoteli akalala mpaka usiku. Bado jioni.

Asumini huchumwa alasiri, ikiwa bado imefumba. Hufunguka magharibi na kuendelea, ikiwa tayari imetungwa kwenye uzi na imekaa kwenye nywele za mtu. Ndiyo hesabu ya akina bibi zetu: ua lifunguke likiwa limevaliwa, si likiwa mtini. Kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia wanachovaa wanawake, nacho hufungwa wakati huo. Unachukua mrehani, asumini, waridi, vipande vya mkadi, na ukiwa na bahati, kilua, unavishona pamoja. Mombasa na Lamu wapo akina mama wanaokaa barazani jioni wakiuza vikuba na vikoja vya asumini. Kwetu mjini siku hizi unatafuta, mara nyingi mpaka iwe harusi.

Kilua niseme zaidi kidogo, kwa sababu nakihofia. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ndugu wa mlangilangi na hata wa mstafeli. Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Kew, alipouandika kisayansi mwaka 1970 aliuita *Mkilua fragrans*, jina lile lile letu. Ua lake ni dogo, usipoambiwa utalipita. Lakini kilua kimoja ndani ya kasha la nguo kinatosha, na hakuna mwimbaji wa taarabu wa zamani asiyekijua. Nyumba nyingi za Unguja zilikuwa na mkilua uani, karibu na kisima, pamoja na mwasumini na mrehani. Hizo ndizo zilikuwa bustani zetu hasa. Hazikuwa na geti wala kibao. Leo kila uwanja umejengwa chumba cha kupangisha, na mkilua ndio wa kwanza kukatwa kwa sababu hauzai chakula wala hauuzwi sokoni. Nawauliza nyinyi vijana wa hapa, na mnyooshe mikono kweli: nani amewahi kushika kilua kibichi? Wanne. Humu ndani tumo zaidi ya sitini.

Sisemi haya ili mhuzunike. Nasema kwa sababu mgeni akianza kukiulizia kilua, mwenye uwanja ataona faida ya kuuacha mti. Mimi naamini hivyo kabisa. Mlangilangi umesalimika kwenye mashamba ya viungo kwa sababu wageni wanaupenda. Mkilua hauna msemaji. Uwekeni kwenye safari zenu za jioni, mwende kwa bibi mwenye nao, akae mkekani awafundishe wageni kufunga kikuba, na alipwe kwa kufundisha.

La mwisho ni Pemba, maana watu wa Unguja tuna tabia ya kuisahau. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Panda boti ushuke Mkoani, au ndege mpaka Chake Chake. Nenda msimu, kati ya Julai na Januari, na uulize kwanza, kwa sababu mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka ukiwa mkubwa utaona majamvi ya karafuu kando ya barabara mpaka Wete.

Na ukifika Chake, usiondoke bila kupita Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo cha ZSTC, shirika letu la biashara. Yale makonyo yaliyochambuliwa usiku ule hayatupwi. Yanajazwa kwenye mapipa makubwa, yanapitishwa mvuke, mvuke unabeba mafuta, unapoozwa kwenye mabomba yenye maji, unarudi kuwa maji na mafuta. Simama mbele ya chombo cha kupokelea uangalie. Mafuta ya mchaichai yangeelea juu. Haya ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, kwa hiyo yanatolewa chini. Ndiyo hayo daktari wa meno anayotumia kutuliza maumivu. Mgeni aliyeona tumba mtini, akaliona kwenye jamvi, akaliona na konyo lake likitoa mafuta, huyo ametembelea shamba la maua.

Kuna karatasi ya swali imeletwa hapa. Anauliza: mgeni akitaka kuchuma ua, aruhusiwe? Kwenye bustani ya umma, Forodhani au Victoria, hapana, na wewe mtembezaji ndiye wa kumzuia kwa upole. Shamba, muulize mwenyewe, kila mara, hata kama umeingia kwake mara mia. Langilangi lililoanguka chini mwache aokote. Karafuu kwenye kishada hapana, kile ni chakula cha watu. Ua la vanila usimruhusu hata kuligusa, labda mwenye shamba amshike mkono alichavushe yeye mwenyewe, na hapo mkulima alipwe palepale, mkononi mwake, kabla hamjapanda gari. Wengi wao wanatoa asubuhi nzima na kinachowafikia ni kidogo mno.

Haya, rudisheni bakuli. Karafuu mlizozibandua mwaweza kutafuna sasa.